Kava la Kushoto la Pikipiki ya Muktar

Muktar aligundua wizi saa moja asubuhi, sokoni Zombe, mwaka wa 1987, kabla hajapiga funda la pili la chai. Skrubu ya kava la ubavu wa kushoto wa pikipiki yake ilikuwa imekaa juu ya kiti, imetulia kama mgeni aliyewahi.

"Nani amefungua hapa?"

Pikipiki hiyo kubwa ya safari, ambayo mfanyabiashara huyo wa mifugo aliipenda kuliko baadhi ya jamaa zake, ilikuwa imelala gereji kwa Nzioka ikingoja kukazwa mnyororo. Watu wakasogea. Kava lilikuwa mahali pake, halina mkwaruzo hata mmoja.

Fundi Nzioka aliona sifa inapita karibu, akaidaka. "Ni mimi, mzee. Si unaona kazi ilivyo safi?"

Muktar akalichomoa kava polepole, akatia mkono nyuma yake. Mkufu wa dhahabu wa marehemu mama yake, aliouficha humo aupeleke Migwani kumvisha mchumba wake, haukuwepo.

Hivyo ndivyo Nzioka alivyojikamatisha mwenyewe.

Koplo Mbula wa kituo cha polisi alimkuta ameshikwa ukosi, na nje watu wameanza kuokota mawe.

"Ulifungua kava?"

"Sikufungua, afande."

"Umesema ulifungua."

"Nilisema. Lakini sikufungua."

Mbula alifumba macho kidogo. Wezi aliwajua. Huyu aliyeiba sifa akaukana mkufu, hakujua amweke wapi.

"Sasa kwa nini ulisema?"

"Ilikuwa sifa tu, afande. Sikujua imekuja na mkufu."

Mtu mmoja akasema Daud, dalali wa mbuzi, alionekana alfajiri akizungukazunguka pale. Daud akaja mbio, mkono wa kulia uliovunjika umefungwa plasta.

"Nilifuata chai ya Kinsi! Muulizeni!"

Kinsi, dada yake Muktar, alikuwa na kibanda cha chai kilichopakana na gereji. Alikuwa akipaka samli ya iliki kwenye shingo ya chombo cha maziwa ambacho kifuniko chake kilikwama. "Kweli alikuja," alisema. "Hata nusu ya kikombe aliimwaga." Akakishika kifuniko kwa viganja viwili, akavuta juu sawasawa. Kikatoka bila kelele.

Mbula akamgeukia Muktar. "Kava linafunguliwaje, mzee?"

"Unatoa skrubu. Unashika huku na huku, unavuta mikono yote pamoja. Nyuma kuna vidole vya plastiki vimeingia kwenye mipira, na mipira ikizeeka inashika kama kupe. Ukivuta upande mmoja tu, kidole kinakatika."

"Mikono yote," alisema Mbula. Daud akainua plasta yake juu, kwa mara ya kwanza amefurahi kwamba alianguka kutoka kwenye lori.

"Nzioka, fungua la kulia."

"Afande, kusema kweli sijui hiyo kitu."

"Basi tuonyeshe usivyojua."

Nzioka akatazama mawe, akatazama wateja wake. Akachomeka bisibisi, akabinua. *Tak!* Kidole cha plastiki kikarukia ndani ya sufuria ya chai.

"Hata redio yangu aliifungua hivyo hivyo!" alipiga kelele mama mmoja. Soko zima likacheka, mawe yakaanguka moja moja. Muktar alishika kichwa.

Lakini basi ni nani? Mbula akainama upande wa kushoto. Sisimizi walikuwa wamejipanga kuelekea kwenye ile mipira, nayo iling'aa. Akagusa, akanusa. Grisi ya gereji hainuki iliki.

Akarudi kibandani, akanyoosha kidole. "Nusa, mama."

Kinsi hakunusa. Alifungua mtandio shingoni. Mkufu ulikuwa pale.

"Mama alinivisha kwa mkono wake, wiki aliyokufa," alimwambia kaka yake. "Ukasema utanihifadhia, walaal, ndugu yangu. Kuhifadhi gani huko, kwa kumvisha mke mpya?"

"Ungeniomba!"

"Kila Idi niliomba. Jana ukanionyesha ulipouficha, unajisifu. Leo nilisikia Daud anakuja, nikarudisha kava, skrubu ikanishinda."

"Na huyu fundi angepigwa mawe?" aliuliza Mbula.

Kinsi aliinamisha uso. "Nilitaka kusema, wallahi nikaogopa. Na nilipofungua mdomo, huyu akasema ni yeye."

Mbula akamgeukia Muktar tena. "Mzee, unashtaki?"

Muktar aliutazama ule mkufu. "Nimshtaki dada kwa mali yake? Wa Migwani nitampelekea mbuzi."

"Afande," Nzioka alinong'ona, "wote wamesikia kwamba siwezi kazi?"

"Wamesikia. Ndiyo maana uko hai."

Kinsi akamtilia Nzioka chai kubwa, akaweka kikopo cha samli kando yake, macho chini. Muktar akaondoka kuelekea Migwani, kava la kushoto liking'aa, la kulia limefungwa kwa ukanda wa blada, mpira wa ndani wa baiskeli. Nzioka alisimama barabarani akiitazama ile blada.

"Lakini fundo," alimwambia Daud, "fundo nimelifunga vizuri."