Kiti Kitupu cha Adolphine

Kila adhuhuri, akishapakua bukari, ugali wa kwao, Adolphine alivuta kiti kitupu mezani na kusema, "Yesu, karibu, tukule," kama mtu anavyomkaribisha jirani. Mumewe Floribert alizoea kumcheka kwa upole. Walikaa katika kambi ya wafanyakazi wa reli, Elisabethville, mwaka wa 1934.

Siku moja Floribert alikuwa kazini, na mtoto wao mchanga Wivine amelala chumba cha ndani. Adolphine alipokwisha kukaribisha, kiti kikatoa mlio, kama kimekaliwa na mtu mzito.

"Asante," sauti ikajibu.

Hakuona mtu. Harufu tu ndiyo ilimjaa mdomoni, harufu ya udongo mbichi wa shimo lililochimbwa leo.

"Ni nani?" akanong'ona.

"Kila siku uko unaniita. Leo nimekuya."

Mlango wa nje ulikuwa wazi nyuma yake, jua likiwaka uani. Angeweza kukimbia. Lakini kiti kilikuwa kati yake na chumba alimolala Wivine, nacho kikaanza kusogea polepole, kikikwaruza sakafu, kuelekea huko.

Akapiga magoti, akaanza Baba Yetu. Ile sauti ikasali pamoja naye, kisha ikamtangulia, neno kwa neno, bila kukosea, kama katekista mzee, na kila ilipomtangulia harufu ilizidi na kiti kilisogea, hata akaona kwamba akimaliza sala kitakuwa kimefika kwa mtoto, na akinyamaza kitafika vilevile, na sala nyingine hakuijua.

Akaacha kusali. Akasema tu, kama alivyokuwa akimlilia mama yake utotoni kule Pweto:

"Yesu, miye naogopa. Sijue kitu ya kusema. Kuya, unikamate mukono."

Sauti ikanyamaza. Maneno hayo haikuyajua. Kitu chenye joto kikafunika kiganja chake cha kulia. Adolphine akainuka, akapita kando ya kiti bila kukitazama, akambeba Wivine kwa mkono wa kushoto, akatoka.

Jioni Floribert aliwakuta wameketi uani, mtoto ananyonya. Mkono wa kulia wa mkewe ulikuwa umenyooka pembeni, vidole vimekunjika.

"Mama Wivine, kuya tuingie mu nyumba."

"Ngoja kidogo," akasema taratibu. "Bado ananikamata."