Mlio Niliouficha

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi tatu: kujaza pipa la maji, kufagia nyuzi chini ya cherehani ya mama, na kumsikiliza mpangaji. Hizo mbili za kwanza hata ningezembea, zisingemdhuru mtu.

Mpangaji ndilo jina tulilokipa kidude kilichokuwa tumboni mwa mama. Kilikuwa pampu ya dawa, ya duara, upana wa kopo la mafuta ya kujipaka, na madaktari waliipachika chini ya ngozi yake. Mama aliumia uti wa mgongo alipoanguka ngazini kwenye kinu cha kusaga nafaka alikofanya kazi, na tangu hapo misuli ya miguu ilikuwa ikimkakamaa hadi analia. Pampu ilimdondoshea dawa kwenye uti wa mgongo, tone kwa tone, kupitia mrija mwembamba. Ndiyo iliyomwezesha kutembea kwa fimbo na kukaa kwenye cherehani. Kila baada ya miezi michache tulikwenda hospitali kubwa, saa tatu kwa basi, na muuguzi akaijaza kwa sindano.

Dawa ikikaribia kwisha, pampu hulia tii, mara moja kila saa. Ikiisha kabisa hulia tii-too, kila dakika kumi, na muuguzi alituonya tusingoje kuusikia mlio huo wa pili. Taabu ni kwamba mama hakuweza kuusikia wowote. Miaka kumi na minne ya ngurumo za kinu ilikuwa imemharibu masikio. Sauti nene za watu alizipata, hasa akikutazama mdomo, lakini sauti nyembamba hazikumfikia kamwe. Kwa hiyo alinitegemea mimi. Kila asubuhi tukinywa chai aliniuliza, "Mpangaji kasemaje?" nami hujibu, "Kalala." Tulicheka, nikashika begi nikaenda zangu.

Jumatano moja, nikiwa na kikombe mkononi, nikasikia tii. Nikakiweka chini. Ijumaa kulikuwa na fainali ya mbio za kupokezana vijiti kati yetu na shule ya ng'ambo ya reli, na mimi ndiye mkimbiaji wa mwisho. Mama hakuweza kwenda hospitali bila mimi, kwani ndimi niliyemsikilizia maneno ya madaktari, na tukienda hulala huko siku mbili. Isitoshe, kadi ya hospitali ilisema Jumatatu. Nilijua fika kwamba dawa yake ilikuwa imeongezwa kipimo, na kwamba muuguzi alisema tarehe ile ni makadirio tu, mlio ukija mapema tuondoke siku hiyohiyo. Nilijifanya nimesahau.

Mama akainua kichwa, akaniuliza kama kawaida. Nikamwambia, "Kalala."

Akacheka. Mimi sikuweza, nikaisingizia chai ya moto. Tangu saa ile nyumba yetu ya vyumba viwili haikukalika. Nikikoroga uji, tii. Nikipiga pasi sare, tii. Mama anashona, anaimba peke yake, na tumbo lake linaita msaada ambao hakuna aliyeusikia ila mimi. Nilihesabu saa zilizobaki mpaka Ijumaa na kujiambia kwamba dawa haiwezi kwisha upesi hivyo.

Alhamisi alasiri jirani yetu, fundi saa, alikuja kuchukua suruali yake. Mtu yule kutwa kucha masikio yake yamo ndani ya saa za watu. Pampu ilipolia aliacha kukunja suruali, akaniuliza ni nini kile. Nilimwambia ni saa yangu. Akanitazama mkono mtupu, kisha akanitazama usoni, na nikaongeza haraka kwamba imo ndani ya begi. Ulimi wangu ulikuwa umeshazoea kazi yake. Alisema sawa, akaaga.

Ijumaa niliamka nikamkuta mama anajikuna mikono. Alisema labda ni wadudu wa kwenye vitambaa. Paji la uso lilikuwa la moto, na goti lake la kushoto lilirukaruka chini ya meza bila yeye kulitaka. Alilishika kwa mikono miwili na kutabasamu ili nisiogope. Ndipo niliposikia tii-too. Nilipoketi baadaye kufunga kamba za viatu, nikausikia tena. Mama akauliza mpangaji kasemaje. Nilitikisa kichwa tu, nikatoka mbio, kwa sababu niliogopa kumtazama.

Fundi saa alikuwa ameketi kwenye meza yake pembeni mwa barabara. Aliponiona akaniita.

"Mwanangu, ile saa yako bado inalia? Ilete nikutengenezee bure."

Nilifungua mdomo nidanganye tena. Badala yake nikaanza kulia pale barabarani, huku watu wanapita. "Anko, sina saa," nikasema. "Ni mama. Dawa ya pampu yake imeisha."

Hakuuliza zaidi. Tulirudi nyumbani mbio, akapiga namba iliyoandikwa kwenye kadi ya hospitali, muuguzi akamwambia mgonjwa asicheleweshwe hata kidogo, na jirani mwingine akatoa gari lake. Tulipomwinua mama, miguu yake ilikuwa migumu kama mbao, meno yanagongana kwa homa. Njia nzima alinitazama mdomo akingoja nimweleze kinachotokea. Sikuthubutu.

Walimjazia pampu na kumlaza wodini siku tano. Muuguzi, mama mmoja asiyependa maneno ya kuzunguka, aliniambia kwamba tungefika jioni, huenda moyo wa mama usingestahimili. Mbio zile walishinda wenzetu wa ng'ambo ya reli, na sikuona hata uchungu.

Siku ya tatu miguu ilimlegea, akaweza kuketi. Akaniuliza mpangaji alianza kulia lini. Nikamwambia Jumatano, na nikamwambia sababu. Alinyoosha shuka ambalo halikuwa na mkunjo.

"Kutosikia hakujawahi kunitisha," alisema. "Nilikuwa na neno lako. Uliponidanganya ndipo nilipokuwa kiziwi kweli. Kuanzia sasa fundi saa atakuja kunisikilizia asubuhi. Mtu anayekutegemea, mwanangu, ukimficha ukweli hata wa neno moja, umemwacha peke yake kwenye hatari asiyoiona."

Iliniuma kuliko viboko. Nilimuuliza ni lini ataliamini neno langu tena.

"Siku utakaponiambia jambo ambalo ungependa nisilijue," akajibu. Kisha, kwa kunionea huruma, akaniambia angalau nilikumbuka kumkimbilia fundi saa kumwomba msaada. Mwenyewe fundi, aliyetusindikiza hospitali, ndiye aliyemsimulia hivyo, kwa wema wake.

Ningeweza kukaa kimya. Alikuwa ameshaniwekea njia. Nikamsogelea ili auone mdomo wangu vizuri.

"Mama, sikumkimbilia. Nilikuwa nakwenda uwanjani. Yeye ndiye aliyeniita."

Macho yake yalijaa maji. Alinishika mkono, akaubana.

"Haya," akasema. "Sasa tumeanza."