Mashine Iliyokataa Kuzimika

Ilikuwa Ijumaa, tarehe kumi na nne Juni mwaka wa 2024, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, Nzisa na kaka yake Muli walipofika kwenye ofisi ya ushirika wa wakulima wa kahawa, juu kidogo ya soko la Kikima. Ukungu ulikuwa umeshashuka kutoka vilima vya Mbooni ukalala juu ya mabati. Kazi waliyoitiwa ilikuwa ndogo: kufungua seva ya ushirika na kubadilisha feni iliyoharibika. Kisha warudi mjini Wote, wale, walale.

Meneja, mzee Mbaluka, aliwangoja mlangoni akiwa amejifunika koti zito. Alikuwa amekonda kuliko sauti yake kwenye simu.

"Ingieni, wanangu. Iko chumba cha nyuma."

"Wewe huingii, mzee?" Nzisa aliuliza.

"Baridi ya humo hainipendi."

Nzisa alifungua mkoba wake, akapanga vifaa mezani kimoja kimoja. Tangu chuo kikuu alikuwa hivyo. Hakuwa na amani mpaka kila bisibisi ijue mahali pake, na hata baada ya hapo amani haikuja sana. Alimpa Muli glavu.

Mbaluka akacheka pale mlangoni. "Mwanamume na glavu? Kwani umekuja kuosha vyombo?"

Muli naye akacheka. Alikuwa mtu wa utani, hakupenda kuonekana mwoga mbele ya wazee. Akazivua, akazirusha mezani.

"Sikia, injinia," alimwambia dada yake. "Nimefungua mashine hizi kabla hujajua kuandika jina lako. Zima twende."

"Nazima kwa utaratibu, Muli. Ukikimbia, utalala hapa."

"Haya, mwaitu, mama yetu. Amri yako."

Nzisa aliketi mbele ya mashine, akaiamuru izime. Skrini ikawa nyeusi. Alizunguka nyuma, akachomoa kebo ya kwanza ya stima, kisha ya pili, kwa sababu seva hulishwa na kebo mbili, na ukichomoa moja tu bado inakula kwa nyingine. Alizilaza kebo zote mbili sakafuni, mbali, mahali anapoziona. Akabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia, ili umeme uliobaki tumboni uishe. Mwisho akajifunga mkanda wa mkononi, ule wenye waya mwembamba, na kubana ncha yake kwenye chuma cha mashine, ili umeme wa mwili wake usiunguze vipande vya ndani.

Kila kitu kilikuwa sawa.

Isipokuwa feni.

Zilikuwa bado zinazunguka.

"Kebo nyingine iko wapi?" alinong'ona.

"Ni hizo mbili tu," Muli alijibu.

Alipapasa nyuma ya mashine. Matundu ya stima yalikuwa matupu. Akamwambia Muli azime swichi kubwa ya ukutani. Taa za ofisi zikafa, giza la ukungu likaingia dirishani, Muli akawasha tochi ya simu.

Feni zikaendelea. Tena hazikuvuma sawasawa kama feni. Zilivuta... zikaachia. Zikavuta... zikaachia.

Ndipo harufu ikaja. Damu ya mbuzi. Mafuta yaliyooza. Nywele zilizoungua.

"Panya amekufia ndani," Muli alisema. "Na hiyo ni chaji tu, umeme uliobaki kwenye kapasita. Niache nifungue."

"Ngoja! Haijazima! Hatujui inakula wapi!"

Lakini Muli alikuwa ameshaivuta seva kutoka kwenye kabati lake. Akabonya kishikizo, akainua kifuniko, na mkono wake mtupu ukaingia ndani kushika feni.

Nzisa alimulika.

Katikati ya waya, pale ambapo feni ilipaswa kukaa, palikuwa na pembe. Pembe nyeusi ya mnyama, imefungwa kwa ngozi na nywele za watu. Meno yalikuwa yamepachikwa kwenye ngozi ile, mengine madogo kama ya mtoto.

Nzisa hakuhitaji kuambiwa. Hakuna Mkamba asiyekijua, hata aliyelelewa kanisani. Kilikuwa kithitu, kile cha kuapia. Mtu akishukiwa, huletewa kithitu, akakigonga kwa kijiti na kuapa. Akidanganya, kinamla yeye na nyumba yake. Hakishikwi kwa mkono. Hata mwenyewe hukibeba kwa vijiti. Na hakiingizwi chini ya paa. Hukaa porini, ndani ya pango au shina, mbali na pumzi za watu.

Hiki kilikuwa kimefungiwa ndani ya nyumba, ndani ya sanduku la chuma.

Na Muli alikuwa amekishika.

"Toa mkono, Muli. Taratibu."

"Haut..."

Kifuniko kilishuka kama panga.

Mlio wa mfupa ulisikika kabla ya mlio wa Muli. Alipiga yowe, akaegemeza mguu kwenye kabati, akavuta. Mkono haukutoka. Ulizidi kuingia. Kifuniko kikainuka kidogo, kikashuka tena. Na tena. Kilikuwa kinatafuna. Damu ilirukia ukuta, ikamrukia Nzisa usoni, lakini iliyodondokea mashine haikufika sakafuni. Ilinywewa pale pale.

Nzisa alichomeka bisibisi chini ya kifuniko, akaegemea kwa uzito wake wote. Bisibisi ikapinda kama mshumaa.

"Mzee Mbaluka! Mzee, tusaidie!"

Mlango wa chumba ukafungwa kutoka nje. Ufunguo ukazunguka.

Ndipo Muli akanyamaza ghafla. Akamgeukia dada yake. Macho yalikuwa yake, na yalikuwa yanalia. Mdomo ndio haukuwa wake.

"Nani aliapa?" mdomo ule uliuliza. Sauti zilikuwa nyingi, za wazee na za watoto, zote zimekauka kwa kiu.

"Muli..."

Mkono wake wa kushoto ukamkamata Nzisa koo.

Ni mkono uliombeba mgongoni akiwa mdogo. Sasa ulimwinua kutoka sakafuni na kumgongesha ukutani mpaka plasta ikaanguka. Nzisa akampiga mateke tumboni, magotini. Hakuachia. Tochi ilianguka, ikamulika dari. Kila feni zilipovuta pumzi, kitu kilinyonywa kutoka kifundo cha mkono wa Nzisa, kupitia mkanda ule aliojifunga mwenyewe, kuelekea kwenye mashine.

Akaelewa ilikuwa inakula wapi.

Alishika ule waya mwembamba, akauzungusha kwenye kidole, akavuta. Ukakatika na ngozi ya kidole. Feni zikakosa pumzi moja. Moja tu. Kidole gumba cha Muli kikalegea, Nzisa akakiuma mpaka meno yakafika mfupani, akaanguka chini akikohoa.

Nje ya mlango mtu alikuwa analia kwa sauti ya chini.

"Nisamehe, mwanangu."

"Umefanya nini?" Nzisa alitambaa mpaka mlangoni. Sauti yake ilitoka kama mchanga. "Mzee, umetufanyia nini?"

"Wakulima walisema napunguza kilo zao kwenye mashine. Wakaleta kithitu, tuape. Nikaapa sijawahi kugusa kilo ya mtu."

"Na ulikuwa umegusa."

Mbaluka akaendelea upesi. "Usiku ule wenye kithitu walikiacha kichakani. Nikakichukua. Nikakificha humo. Nilifikiri ndani ya chuma hakitanisikia." Alivuta kamasi. "Kimeshamla mwanangu Kivuva. Sasa kiko kwa binti yangu Ndunge, wiki ya ngapi hii hainuki kitandani. Kikishiba kwenu, labda kitaniachia huyu mmoja."

"Kilitoka wapi? Wenyewe ni nani?"

"Ng'ambo ya mto Athi. Kitui. Zaidi ya hapo sijui, walikuja usiku..."

Nyuma yake, Muli alipiga magoti. Bega lilikuwa limefika kwenye ukingo wa chuma. Midomo yake mikavu ilikuwa bado inauliza, sasa kwa mnong'ono, nani aliapa, nani aliapa, na uso ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu. Bado kidogo kusingekuwa na damu ya kunywewa.

Nzisa alitazama chumba kizima. Kwenye kona palikuwa na fagio la vijiti.

Alichomoa kimoja. Akakishika kwa mikono miwili. Akapitisha ncha yake chini ya kifuniko, kando ya nyama ya kaka yake, mpaka akasikia imegusa pembe. Akagonga.

Sauti zikanyamaza.

"Mimi ni Nzisa," alisema. "Mwache kaka yangu akiwa hai. Nami nitakutoa chini ya paa hili, nikurudishe ulikotoka. Nikidanganya, unile."

Akagonga tena.

Feni hazikubadilika. Zilikuwa zinangoja. Swali lilikuwa halijajibiwa.

Alijua jibu. Alijua pia litafanya nini. Alifikiri juu ya msichana asiyeinuka kitandani, na juu ya mzee anayelia kwa kamasi kama mtoto. Akamtazama Muli.

"Aliyeapa uongo," Nzisa alinong'ona, "yuko nyuma ya mlango."

Akagonga mara ya tatu.

Kifuniko kilifunguka. Muli akaanguka chali, na mkono uliotoka haukuwa na kiganja.

Kitu kikasogea sakafuni. Zile kebo mbili za stima, alizozilaza mwenyewe mbali na mashine, zilikuwa zinakwenda. Hazikujikunja wala hazikuwa na haraka. Zilipita kando ya goti lake, zikapenya chini ya mlango, moja baada ya nyingine.

"Hapana," Mbaluka alisema huko nje. "Hapana, hapana, Ndunge ata..."

Neno halikuisha. Kilichofuata kilikuwa sauti ya mtu anayelazimishwa kumeza. Visigino vilipiga sakafu ya veranda, vikapiga, vikapiga, mlango ukatikisika kwenye bawaba zake. Kisha kitu kilipasuka kama gunia lililojaa maji.

Feni zikasimama.

Nzisa alimfunga kaka yake mkono kwa mkanda wa mkoba wake, akavunja dirisha kwa kiti, akapiga mayowe mpaka watu wa soko wakaja na tochi.

Muli alipelekwa hospitali ya Wote kwa gari la muuza mboga. Madaktari walimkata juu kidogo ya kiwiko. Polisi waliomkuta Mbaluka walisema alipigwa na stima, kwa kuwa kebo zilikuwa zimeingia kinywani zikafika tumboni. Mmoja wao, kijana, aliuliza stima hiyo ilitoka wapi wakati swichi kubwa ilikuwa imezimwa. Mkubwa wake akamwambia aende kwenye gari.

Hata alfajiri Muli hakuwa ameamka. Kila alipopumua, alivuta... akaachia, na kati ya pumzi moja na nyingine palikuwa na nafasi ndefu kuliko inavyotakiwa. Muuguzi alisema damu waliyomwekea haikai. "Ni kama inakwenda mahali," alisema, akaona aibu kwa kusema hivyo, akaondoka.

Nzisa alielewa. Alikuwa ameahidi.

Asubuhi ile ya Jumamosi, jua likiwa bado halijapasua ukungu, alirudi Kikima. Askari aliyeachwa kulinda ofisi alikuwa akinywa chai kibandani. Alimwambia amekuja kuchukua vifaa vyake vya kazi, naye akampungia mkono aingie. Alivunja matawi mawili ya mti uliokuwa uani, akayaondoa majani. Aliinua kifuniko cha seva kwa ncha ya tawi. Akakibana kithitu kwa matawi yale, hakukigusa, akakitoa kupitia dirisha lililovunjika, mpaka nje, chini ya mbingu.

Kilikuwa kizito kuliko ukubwa wake. Na kilikuwa na joto.

Simu ikaita kwenye mfuko wa kifuani, skrini ikichungulia nje. Hakuweza kuipokea, mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Ikaita mpaka ikachoka, kisha ujumbe ukaingia, na akainamisha kichwa kuusoma mfukoni. Ulitoka kwa muuguzi. Kaka yako amefungua macho.

Nzisa akalia pale pale uani, bila mkono wa kufuta machozi.

Kisha akatazama mbele. Vilima vya Mbooni vimejaa watu. Paa hili linagusana na lile mpaka bondeni, na moshi wa chai ulikuwa unapanda kutoka kila moja. Mahali fulani nyuma ya hayo yote ulikuwepo mto Athi, na ng'ambo yake Kitui, nchi kubwa, pori juu ya pori. Alikuwa ameapa kukirudisha kilikotoka. Mtu pekee aliyekiri kuwaona wenyewe alikuwa amelala mochari, kinywa wazi.

Akashika njia ya kushuka, upande wa mashariki. Alitembea katikati ya barabara ili asipite chini ya upenu wa mtu. Mwanamke mmoja alimsalimia, akaona alichobeba, akaburuta watoto wake ndani na kufunga mlango.

Boma la Mbaluka lilikuwa mwisho wa soko. Wanawake walikuwa wanaomboleza ndani. Langoni alisimama msichana mwembamba, miguu mitupu, amejifunga shuka la kitandani. Alishikilia nguzo ya lango kwa mikono miwili. Hakuna aliyekuwa amegundua kwamba ametoka.

Hakukitazama kithitu. Alimtazama Nzisa.

"Siyo njia hiyo," Ndunge alisema.

Nzisa alisimama. Kati ya matawi yale mawili, joto liliongezeka.

"Wewe unaijuaje njia?"

"Kimekaa kwangu wiki nyingi," msichana alisema. Akashuka barabarani, akaanza kutembea kuelekea kaskazini, polepole, bila kugeuka kuona kama anafuatwa.

Nzisa akayakaza matawi mikononi, akamfuata.