Alasiri ya Mwisho ya Mzee Ambakisye

Ukuta wa sebule uliipokea dafina ya Mzee Ambakisye, ukaanza kuihoji kama unavyohoji kila kifaa kinachochomekwa. Ni hifadhi ya aina gani? Ina diski inayozunguka ndani? Ni ya kuchomolewa au ya kudumu? Dafina, punje ya chuma iliyokaa mfupani nyuma ya sikio la mzee na kutunza kila alichosikia na kusema, ikajibu kuwa ni ya kudumu.

Mbeya ya siku hizi matanga hayaanuliwi bila marehemu kusikika. Bintiye, Tusekile, aliketi mbele kabisa. Kaka zake walishamwambia waziwazi kwamba baba kafa na kinyongo naye, kwa ile miaka aliyosusa nyumbani. Yeye alijua sivyo. Alasiri ya mwisho, hospitalini, wakiwa wawili tu, mzee alimshika mkono akamsamehe. Leo wangesikia wenyewe.

Wakasikia kikohozi cha asubuhi, muuguzi akiuliza habari za uji, kisha kimya. Alasiri haikuwemo.

Tusekile ni mhandisi wa mifumo endeshi, kwa hiyo alielewa mapema kuliko alivyotaka. Kifaa cha kuchomolewa huandikiwa papo hapo, maana chaweza kuondoka wakati wowote. Cha kudumu hakina haraka. Mfumo unaokiandikia huyaweka maneno pembeni kwanza, uyaandike ukipata nafasi. Kitanda cha hospitali, ambacho ndicho kilichokuwa kikiiandikia dafina, kiliikuta ndani ya mfupa wa mtu, kikaihesabu ya kudumu. Moyo uliposimama, kitanda kikazimwa ili kiandaliwe mgonjwa mwingine, na yote yaliyokuwa pembeni yakapotea.

Aliwaeleza hivyo. Lugano, kaka mkubwa, akasema mashine siku hizi zinasingiziwa mengi.

Shangazi Ikupa akamwonea huruma. "Mwanangu, achana na mashine. Wewe si ulikuwepo? Tuambie baba yako alisemaje."

Tusekile aliukumbuka ule mkono, ngozi yake kavu, na jinsi alivyolia mpaka akalowesha shuka. Akatafuta neno moja tu la baba yake, hata moja, asilipate.

"Nilijua nitayasikia tena, shangazi," alisema. "Sikuyashika."

Lugano akainuka, akatoka nje kuwaambia majirani washushe turubai la matanga.