Vidole vya Wafumaji

Chiriku alikuwa amesimama juu ya kasha, akikwangua rangi kuukuu kwenye fremu ya dirisha, na mama yake alikuwa chini akitia mafuta cherehani. Ndiyo ilikuwa kazi yao kila alasiri baada ya masomo. Chumba hicho kilikuwa ghala la nyuzi, enzi zile kiwanda cha nguo kilipokuwa kikilisha mji mzima. Kiwanda kilifungwa kabla Chiriku hajazaliwa, na kwa miaka mingi wapangaji wake walikuwa popo. Sasa mji ulikuwa unaamka tena. Vyumba vya kiwanda viligawiwa mafundi, seremala huku, mwoka mikate kule.

Lakini kulikuwa na sharti. Chumba kikubwa kama hicho kilitakiwa kiwe na mafundi wawili, na mama alikuwa peke yake. Asipopata mwenzake kabla ya wiki kwisha, angerudi kushonea barazani, mvua ikija akimbize vitambaa ndani kama mtu anayekimbiza vifaranga. Babu Mlinzi, mzee wa langoni, alikuwa ameahidi kumtafutia mtu. Mama alimwamini. Chiriku alimwamini nusu.

Jina la Chiriku alipewa na majirani, kwa sababu jambo likiingia sikioni mwake halikulala humo.

Siku hiyo aliona kitu kutoka dirishani. Babu Mlinzi alikuwa langoni, na ng'ambo ya uwanja alisimama mzee mgeni mwenye kofia ya kijivu. Walikuwa wakitazamana. Midomo yao ilicheza bila kutoa sauti. Vidole vyao vilipanda, vikashuka, vikapishana hewani. Kisha Babu Mlinzi akaunyooshea kidole mlango wa mama.

Mama alipotoka kwenda kuchota maji, mgeni yule aliingia. Hakutazama juu. Alikipima chumba kwa hatua, ukuta hadi ukuta, hata kona iliyokaa cherehani. Chiriku alimwamkia shikamoo kutoka juu ya kasha. Mzee hakuitikia. Aliamkia tena, kwa nguvu. Mzee alitoka kimya kama alivyoingia.

Mzee gani haitikii shikamoo? Chiriku aliruka chini, akakimbilia kwa seremala, ambaye alikuwa akipiga randa huku amejifunga kitambaa puani na mdomoni kuzuia vumbi. Akamweleza yote.

"Basi huyo kaja kuchukua chumba chote," seremala alisema. "Wanasema bila sauti ili tusiwasikie. Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja."

Habari ilipofika kwa mwoka mikate, mgeni alikuwa tajiri aliyetumwa kuwafukuza mafundi wote. Iliporudi kwa Chiriku, mgeni alikuwa ameshalinunua jengo. Chiriku alishangaa jinsi maneno yake yalivyonenepa kwa mwendo mfupi vile. Hata hivyo hakuyazuia. Watu wazima walikuwa wakimsikiliza, na jambo hilo lilimpendeza.

Kesho yake, mama akiwa ameenda kununua uzi, mgeni alikuja akisukuma mkokoteni uliofunikwa turubai. Seremala alijitokeza na kitambaa chake usoni, akasimama katikati ya mlango.

"Mzee, unatafuta nini hapa?"

Mgeni alimtazama, akakitazama kile kitambaa, asijibu.

"Mnaona? Angekuwa na jema angelisema," seremala aliwaambia waliosogea. Mwoka mikate akaguna kwamba mwizi naye siku hizi anakuja na usafiri wake. Wengine wakacheka. Mgeni alizitazama zile nyuso moja moja, kisha akaugeuza mkokoteni taratibu na kuondoka.

Mama alirudi pamoja na Babu Mlinzi. Babu aliuliza kama mfumaji ameshafika.

"Mfumaji gani?" seremala alisema. "Kama ni yule bubu wako wa njama, tumeshamfukuza."

Babu Mlinzi alikaa kwenye ngazi. Alieleza polepole, kama mtu anayefungua fundo. Yeye na mgeni yule walifuma pamoja kiwandani humu tangu ujana. Mashine zilinguruma hata ukipiga kelele kwenye sikio la mwenzako hasikii, kwa hiyo wafumaji wote walijifunza kusema kwa vidole na kusomana midomo. Mngurumo huo ndio ulioharibu masikio ya mwenzake. Alikuja kupima kama mtambo wake wa kufumia utaenea pamoja na cherehani. Yeye afume, mama ashone.

"Hasikii," alimaliza. "Na wewe, fundi, mdomo uliufunga. Angesoma nini?"

Seremala alikivua kile kitambaa, akawa hajui akiweke wapi.

Chiriku angeweza kunyamaza, maana waliosema walikuwa wengi.

"Ni mimi niliyeanza, Babu," alisema. "Twende tukamrudishe."

Walimkuta karibu na daraja, akipumzika juu ya mpini wa mkokoteni. Chiriku alisimama mbele yake, akaweka mkono kifuani kama Babu Mlinzi alivyomwelekeza, akatamka polepole, "Nisamehe, Babu."

Vidole vya mzee vikacheza, na Babu Mlinzi akacheka.

"Anasema mdomo wako unashinda mashine zote alizowahi kuendesha. Lakini ameelewa."

Jioni ile seremala ndiye aliyebeba boriti nzito ya mtambo, baada ya kuomba radhi uso wazi. Mama alimsogeza Chiriku pembeni.

"Kushuku si kosa, mwanangu. Hata mimi ningeshuku. Lakini jicho likikuletea shaka, upe mguu kazi ya kwenda kuuliza. Wewe kazi hiyo uliupa ulimi, na ulimi haurudi na jibu."

Giza lilipoanza kuingia, mtambo ulikuwa umesimama kwa miguu mitatu. Wa nne ulikataa kuingia, na wazee wawili walikuwa wakibishana kwa vidole kwa kasi. Nyuso zao zilikuwa kali. Chiriku alimvuta Babu Mlinzi shati.

"Mnasema nini?"

"Mimi nasema tuugonge, yeye anasema tuuchonge."

Mama aliamua mguu huo ungoje kesho.