Sombe Mbichi katika Chakula cha Kuku

Kila siku akitoka shuleni, Plamedie alivua sare, akala bukari, yaani ugali, upesi, kisha akashika kazi ya kuku. Mama yake, Mama Mbuyi, alifuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba yao, mtaa wa Bel-Air, na wateja waliwaita “kuku wa majani”. Jina hilo halikuja bure. Katika pumba za mahindi mama alichanganya soya na unga wa majani ya mlonge, ambao wengine huuita moringa, na maji ya kunywa aliyatia kitunguu saumu kilichopondwa. Alisema kuku wakila hivyo hupata nguvu na hamu ya chakula.

Mlonge ulikuwa nyumbani kwa Bibi Kapya, mtaa wa pili. Plamedie ndiye aliyekwenda kuuchuma, akayatoa majani vijitini, akayaanika kivulini na kuyatwanga. Kazi ya kuchosha, nani asiyejua? Siku moja unga uliisha, mama yuko sokoni, na rafiki zake wanamwita barabarani wakiwa na kamba ya kuruka. Plamedie akatupa macho uani, akaona mihogo imestawi. Majani ya muhogo, sombe! Si Lubumbashi nzima inakula sombe? Majani ni majani, akajiambia. Akayachuma, akayatwanga mabichi, akayachanganya na pumba, akawamwagia kuku, kisha huyoo, mbio kwenye kamba. Uvivu ukimwingia mtu hujifanya akili.

Asubuhi, kuku kadhaa walikuwa wamekufa. Wengine walipepesuka, wakihema midomo wazi. Mama alijishika kichwa. Akamuuliza Plamedie kama alikuwa ametia mlonge kama kawaida, naye akajibu kwamba ametia. Basi mama akakata shauri kwamba ubaya uko katika pumba.

Mama alimshika mkono, wakaenda moja kwa moja mpaka soko la Kampemba, kwa Papa Ngosa, mzee aliyewauzia pumba miaka yote.

“Papa Ngosa,” mama alisema mbele ya wateja, “pumba yako iko na sumu. Umeniulia kuku.”

Mzee hakugombana. Alichota pumba kidogo guniani, akazitia mdomoni mwake, akatafuna, akameza. Lakini maneno yalikuwa yameshasikika. Mwanamke mmoja aliyekuwa amejaziwa mfuko wake aliumwaga tena guniani, akaondoka bila kuaga. Plamedie alimwona mzee akilifunga gunia, naye akaona haya iliyomchoma mpaka masikio. Alitamani ardhi impasukie.

Njiani alijichomoa mkononi mwa mama. Alisimama katikati ya watu.

“Mama, si pumba,” alisema. “Ni miye. Nilitiaka sombe mubichi.”

Mama hakumpiga. Angempiga, labda ingekuwa nafuu. Alimuuliza polepole kwa nini sombe ya nyumbani hukaa jikoni saa nyingi. Plamedie alilijua jibu tangu akiwa mdogo: sombe mbichi ina sumu, na moto mwingi ndio unaoitoa. Alilitoa akiwa ameinamisha kichwa.

Walikimbia nyumbani. Walikitupa chakula chote kilichobaki, wakaosha vyombo, wakaweka maji safi na pumba tupu. Kuku waliokuwa bado wamesimama walipata nafuu, na kufika jioni walianza kula.

Kesho yake mama alivaa kitenge chake cha kanisani, wakarudi sokoni. Watu walewale walikuwa pale, nao waligeuka walipomwona.

“Papa Ngosa, utusamehe,” mama alisema kwa sauti ya kusikika. “Pumba yako iko muzuri. Kosa liko la nyumba yangu.”

Hakumtaja mtu. Plamedie, aliyejibanza nyuma yake, angeweza kubaki pale na aibu yote ingemwangukia mama. Hilo lilimuuma kuliko kuku wote waliokufa. Akatoka mbele.

“Kosa si la mama,” alisema, sauti ikikatika. “Nilipewa kazi nikaikwepa, nikawapa kuku sombe mbichi. Halafu nikasema uongo, nikaacha Papa asingiziwe.”

Wanawake waliguna. Papa Ngosa akamwita karibu.

“Sikia, mutoto wangu. Njia ya mkato ilikupotezea kuku tu, na kuku watafugwa wengine. Uongo wako ndio ulitaka kuua jina langu, na jina la muntu halina soko la kununulia lingine. Kosa ukilifanya, liseme lingali dogo. Leo umesema mbele ya watu wote. Nimekusamehe.”

Plamedie alipiga magoti, akamshukuru mzee, machozi yakimtiririka wala hakuyafuta.