Barua Aliyoificha Rahma

Kila siku akitoka shule, Rahma alipitia kwanza kwenye visanduku vya barua, chini ya jengo lao la ghorofa karibu na stesheni ya treni ya Takoma, nchini Marekani. Mama yake, Bi Salme, mzaliwa wa Lamu, aliwahudumia wazee majumbani mwao. Kiingereza cha kuzungumza alikimudu, ila kile cha barua za bima kilimchosha, na isitoshe kisukari kilikuwa kimeanza kumharibu macho. Kwa hiyo msomaji wa barua zote za nyumba ile alikuwa binti huyu wa miaka kumi na miwili, naye alikionea fahari cheo chake.

Mwezi wa Oktoba daktari alisema jicho la kulia la Bi Salme litibiwe upesi, la sivyo litapofuka. Hospitali ikaiomba kampuni ya bima ikubali kulipia. Ikabaki kungoja barua.

Wakati huohuo Dokta Wambura akaanza kufika jengoni mwao kila Jumamosi, akitokea Lanham, mji wa jirani. Alikuwa mwanamke wa Kitanzania, mchumi aliyechunguza gharama za matibabu na sera za bima kwa miaka kumi na minane. Alikunywa chai na kina mama wa jengo lile, akawaomba barua zao za bima, akaziba majina kwa karatasi, kisha akazipiga picha. Kina mama walimpa bila wasiwasi. Rahma alimtazama kwa jicho la pembeni. Mtu na elimu yake yote, barua za wagonjwa anazitakia nini? Nabil, mwenzake wa darasani, akaongeza chumvi: eti wapo watu wanaouza siri za wagonjwa ili makampuni yajue nani wa kumnyima.

Alhamisi moja Rahma alimwona Dokta Wambura stesheni na mwanamume wa suti, kitambulisho shingoni. Nembo ya kitambulisho ilikuwa ileile ya bahasha za bima yao. Tena walikuwa wakicheka. Kwa Rahma, kesi ikawa imekwisha.

Wiki iliyofuata barua ikaja. Rahma hakuifungua. Aliisukuma chini kabisa ya mkoba wake wa shule, mahali ambapo mama asingeiona akampa Dokta Wambura. Mama alipouliza, alijibu kuwa haijaja. Siku ya kwanza aliusema uongo huo akiangalia sakafu. Kufikia wiki ya tatu ulimtoka kama salamu.

Jumamosi ya mwisho ya Novemba, Dokta Wambura alikunja uso.

"Ajabu, Bi Salme. Kwa kawaida huwa wamejibu kufikia sasa. Una hakika hakuna barua?"

Bi Salme alisema hakuna. Rahma akazidi kumshuku: huyu ratiba zao anazijuaje, kama si mtu wao?

Bi Salme akainua birika kumwongezea mgeni chai. Alimimina kando ya kikombe, moja kwa moja juu ya mkono wake mwenyewe. Alicheka akasema kikombe kimesogea. Kikombe hakikuwa kimesogea, na Rahma aliliona hilo. Hofu ilimshika, na aibu ikaja nyuma yake. Alikwenda chumbani akarudi na bahasha, ameificha mgongoni. Siku zote alizoea kujibu kwa Kiingereza hata akiulizwa kwa Kiswahili. Leo alisema kwa Kiswahili, ili mama asikie kila neno.

"Anti, barua zetu unaziuza? Nilikuona stesheni na mtu wa bima."

Bi Salme alitaka kumkemea. Dokta Wambura akamzuia kwa mkono, akafungua kompyuta yake. Hapakuwa na jina la mtu hata moja. Palikuwa na sindano moja, ya dawa ileile, yenye bei tatu katika hospitali tatu. Palikuwa na orodha ndefu ya maombi yaliyokataliwa na sababu zake. Yule wa stesheni, alieleza, ni mtu wa bima ambaye yeye humwendea kumuuliza kwa nini wanakataa. Siku ile Dokta Wambura alikuwa amemuuliza swali lilelile kwa mara ya tano, ndiyo maana walicheka.

Rahma akampa mama bahasha. Dokta Wambura aliisoma kwa sauti. Ombi lilikuwa limekataliwa kwa kukosa fomu moja ya daktari, na muda wa kukata rufaa ulikuwa unaisha Ijumaa.

"Mwanangu, hii ilikuja lini?" aliuliza Bi Salme.

Rahma alisema kweli yote, akilia. Mama yake hakumgombeza. Aliichukua barua, akamuuliza Dokta Wambura hospitali inafunguliwa saa ngapi Jumatatu.

Jumatatu Dokta Wambura aliongozana nao hospitali wakaichukua fomu, na rufaa ikafika kabla ya Ijumaa. Safari hii bima ilikubali. Daktari alilitibu jicho, akasema uoni uliopotea hautarudi, ila uliobaki umeokolewa.

Baadaye Rahma alimwomba Dokta Wambura msamaha kwa kumshuku. Alimjibu taratibu:

"Kunishuku si kosa, mama. Hata mimi kushuku ndiyo kazi yangu. Kila bei naishuku. Ila nikishuku, namwendea anayehusika, nauliza, na nasikiliza jibu lake. Wewe ulishuku ukajijibu mwenyewe, kisha ukaificha barua isiyokuwa yako. Jibu lako lilikaribia kumpofusha mama yako."

Rahma aliitikia kwa kichwa. Jioni hiyo alimwambia mama kwamba kuanzia sasa barua zote watazifungua pamoja mezani, wote wawili wakiwa wameketi.